Nilikamatwa Nikiiba Jipu Langu

Huku kwetu Bukavu, mashariki ya Kongo, gari lolote lililoinuka kidogo kutoka ardhini tunaliita jipu, hata kama kiwanda kililipa jina refu la kifahari. Najua wasomaji wa Dar es Salaam na Mombasa watacheka, maana kwao jipu ni lile linalovimba mwilini likangoja kutumbuliwa. Wacheke tu. Langu lilikuwa yote mawili.

Nililinunua kwa mtu wa mtaa wa Nguba aliyekuwa anahama. La mwaka 2002, usukani upande wa kulia kama magari mengi yanayotufikia kutoka Japani kupitia bandari za Afrika Mashariki, na gia za otomatiki. Kuhusu hiyo otomatiki nilionywa na kila mwenye mdomo. "Papa Mapasa, mji huu ni milima, chukua ya mkono." Mapasa ni mapacha; tangu mke wangu ajifungue wawili kwa mpigo hakuna anayekumbuka jina langu la ubatizo. Lakini mguu wangu wa kushoto uliumia kwenye pikipiki, na mguu huo hauna mapatano na klachi. Nikachukua otomatiki, na mwaka mzima nikawa mfalme. Nakanyaga, linapanda. Naachia, linapumua.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua imetoka kunyesha, nikiwa napanda kutoka Nyawera, taa ya manjano ikawaka mbele yangu, jipu likashtuka kama mbuzi aliyevutwa kamba ghafla, na tangu hapo likakataa gia zote isipokuwa ya tatu. Kuondoka, tatu. Kupanda, tatu. Kukata kona polepole mbele ya polisi wa barabarani, tatu.

Baadaye nilieleweshwa kwamba hilo halikuwa ukaidi, bali hekima ya gari lenyewe. Ndani ya jipu la otomatiki kuna kisanduku cha aluminiamu, kikubwa kama daftari la shule, ambacho mafundi wetu wanakiita kalkilatere ya buati. Hicho ndicho ubongo wa giaboksi. Kinasoma kasi ya gari, kinasoma umekanyaga mafuta kiasi gani, kinasoma joto la oili, kisha kinatuma umeme kwenye vali ndogo za sumaku zilizozama ndani ya giaboksi: wewe fungua, wewe funga, na gia inabadilika. Kikiona jambo kisicholielewa, kinanyamaza. Vali zikikosa umeme zinarudi kwenye mkao wao wa asili, na mkao huo, kwa jipu langu, ni gia ya tatu. Waliolibuni walimfikiria mtu aliye kwenye barabara ya tambarare, ajikokote hadi gereji iliyo karibu. Hawakumfikiria mtu anayekaa Kadutu.

Ambaye hajafika Bukavu aelewe hivi: ni mji uliomwagwa juu ya vilima, ukaingiza vidole vyake vya ardhi ndani ya Ziwa Kivu. Tambarare tunayo, ila iko majini. Kupanda kwenda Kadutu kwa gia ya tatu ni sawa na kumpandisha mzee ngazi akiwa amebeba friji. Basi nikabuni utaratibu. Nikifika chini ya mlima nasimama, namshusha mke wangu, nawashusha mapacha, nashusha na mfuko wa viazi. Wao wanapanda kwa miguu. Mimi nangoja barabara iwe wazi, napiga honi ndefu kama treni, nakanyaga mpaka chini, naondoka. Injini inalia, gari halijali. Ikitokea mama mmoja anavuka na beseni lake la nyanya, nikagusa breki, kazi imekwisha: jipu linatetemeka palepale, oili inaanza kunuka kama maharage yaliyoungua, na wamotari wa pikipiki wanasogea kando kutazama sinema ya bure.

Siku moja mama aliyebeba gunia la makaa mgongoni, kamba ikimkata paji la uso, alinipita. Alinipita kabisa, mimi nikiwa nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Alipofika usawa wa dirisha akageuza macho, maana shingo haikuweza kugeuka, akasema: "Pole, baba." Kisha akaendelea na safari yake.

Ndipo nikaanza kutafuta mafundi.

Wa kwanza alisema ni oili. Akamwaga ya zamani, nyeusi, wakati inatakiwa kuwa nyekundu kama sharubati ya matunda, akatia lita nne mpya. Jipu likashukuru, likabaki kwenye tatu. Wa pili alisema tutoe giaboksi nzima tuweke nyingine, dola 900, na alisema hivyo bila hata kufungua kapo, yaani boneti. Nilimuuliza amejuaje. Akajibu kwamba yeye gari analisikiliza. Mimi pia nilimsikiliza, nikaondoka.

Wa tatu alikuwa kijana mwembamba mwenye kibanda karibu na mtaa wa Essence, fundi wa umeme wa magari, mtu asiyesema maneno mengi. Akachomeka mashine yake ya kusoma hitilafu, ikatoa P0753. Akaniambia hiyo ni lugha ya gari, maana yake umeme wa vali ya kwanza una kasoro. Nikadhani sasa atauza vali. Hapana. Akaingia chini ya gari na testeri, akapima vali, akapata omu 13. "Vali ni nzima," akasema kutoka chini. Akapima waya kutoka mwanzo hadi mwisho. "Waya ni mzima." Akatoka, akajifuta mikono. "Basi, Papa Mapasa, anayetudanganya ni yule anayetoa amri."

Akafungua kisanduku mbele yangu. Akanipa kioo cha kukuzia, ile lensi ya mafundi wa saa, akanionyesha mguu wa kitransista kimoja. Kuzunguka mguu huo, kwenye risasi iliyoyeyushwa kiwandani kuushika, palikuwa na mstari mwembamba wa duara, kama pete. Ufa. Gari likipata joto, chuma kinatanuka, ufa unaachana, amri haifiki. Akaichoma upya kwa chuma cha moto, na kweli nilipata siku tatu za raha. Siku ya nne, mbele ya kanisa, Jumapili, watu wanatoka misa: tatu.

"Kimechoka ndani," fundi akasema. "Tafuta kingine. Lakini namba iwe hii hii, hadi tarakimu ya mwisho." Maana jipu la aina moja, injini tofauti, ubongo tofauti. La magurudumu mawili yanayovuta na la manne yanayovuta, ubongo tofauti. Akaniandikia namba mkononi kwa kalamu, kama mtoto anayetumwa dukani, na mimi nikaipiga picha mkono wangu.

Bukavu hakikupatikana. Lakini nina tantini, yaani shangazi, anayechukua vitenge Kampala, na Kampala, kwenye vibanda vya Kisekka, ukikosa kipande cha gari basi gari hilo halijazaliwa. Nikamtumia picha ya mkono wangu na dola 120. Baada ya siku kumi akavuka mto Ruzizi na mizigo yake, kutoka Kampala hadi Kigali, Kigali hadi Kamembe, Kamembe hadi kwetu, na kisanduku changu kikiwa salama salimini katikati ya gunia. Alikizungushia gazeti, akakizika ndani ya ndagala, yaani dagaa, waliokauka ili kisigongwe. Kilifika bila mkwaruzo. Nilikifuta kwa kitambaa. Namba: ile ile. Nilikiweka karibu na cha zamani, nikashindwa kuwatofautisha, kama nilivyoshindwa na wanangu wiki ya kwanza.

Sasa sikiliza nilipokosea. Fundi alitaka dola 40 za kukifunga. Mimi nilikuwa nimemwona akikitoa na kukirudisha: mfuniko wa kidroo cha mbele, skrubu tatu, plagi mbili. Mimi natunza duka la fotokopi na kuchapa kazi za wanafunzi, nimefungua printa zenye vipande vingi kuliko hivyo. Dola 40 kwa skrubu tatu! Nikapiga hesabu ya bei ya skrubu moja, nikasikia uchungu. Nikamwambia fundi nitampigia simu. Yeye akatabasamu tu. Tabasamu lile ningelielewa mapema.

Lilibaki tatizo moja: betri. Jipu lilikuwa limelala siku kumi likingoja tantini, betri imekufa. Chaja ninayo, umeme sina. Umeme wa mtaa wetu una adabu ya mchawi: unatembea usiku, watu wakilala.

Usiku huo nilikuwa nimeaga nyumbani kwamba nakwenda kulala kwenye kilio Panzi, kwa rafiki aliyefiwa na baba mkwe. Mke wangu akanifungia mlango, akajua mume ni wa kesho asubuhi. Lakini huko Panzi mvua ikashuka, turubai likajaa maji likatuangukia, wazee wakatuambia vijana rudini makwenu, familia inatosha. Nikapewa koti la mvua la mtu, jeusi, lenye kofia ya kufunika hadi nyusi. Nikafika mtaani kwangu karibu saa tano za usiku, nikakuta balbu zinawaka.

Umeme! Nani angelala?

Nyumba yangu, kama nyumba nyingi za mlimani kwetu, haifikiwi na gari. Jipu linalala kwenye parseli, yaani kiwanja, ya jirani, mita kama thelathini chini ya nyumba, lina mlinzi ambaye na yeye hulala. Nikaona nisiwaamshe watu wangu. Kisanduku kipya kilikuwa ndani ya jipu, chini ya kiti, pamoja na bisibisi. Nikavuta waya kutoka kwenye balbu ya jirani, nikachomeka chaja, nikangoja zaidi ya saa nzima nikipigana na mbu. Kisha nikafanya kazi kama kitabu kinavyosema: waya hasi wa betri umeachanishwa, mikono mikavu, hakuna haraka. Nikafungua kidroo, ambacho kwa jipu la usukani wa kulia kiko kushoto, nikatoa cha zamani, nikakitia mfukoni mwa koti. Nikachomeka kipya. Kililia "ta!" kwenye plagi ya kwanza na "ta!" kwenye ya pili. Muziki. Nikaenda mbele, nikagusisha waya hasi kwenye betri.

Jipu likapiga kelele kama nguruwe anayechinjwa.

Nilikuwa nimesahau alamu. Mwenye gari wa kwanza aliifunga mwenyewe, rimoti yake iko nyumbani kwenye droo ya mke wangu, na betri ikirudishiwa umeme, ile alamu inafikiri imeshambuliwa. Mtu mwenye akili angeutoa tena ule waya. Mimi nilikumbuka kwamba kuna swichi ndogo chini kabisa ya dashibodi, nikakimbia, nikajitupa ndani kichwa kikitangulia, nikatia tochi mdomoni, miguu ikabaki nje ya mlango ikining'inia mvuani. Nikawa napapasa. Waya, waya, vumbi, pipi ya mtoto, waya.

Huko juu nikasikia firimbi.

Firimbi hiyo naifahamu. Niliinunua mwenyewe sokoni Kadutu na kumpa mke wangu: "Siku nisipokuwapo, ukisikia mwizi, piga." Alipiga. Alipiga kwa mapafu ya mwanamke aliyelea mapacha. Jirani wa kulia akajibu kwa kifuniko cha sufuria, wa kushoto kwa sufuria yenyewe, na kwa dakika moja mlima mzima ulikuwa unagongwa. Nikasikia na sauti yake, wazi kabisa, juu ya kelele zote: "Mwizi! Mwizi wa jipu! Mume wangu hayupo!"

Bukavu mwizi wa usiku hachekewi. Nilijua hivyo, na jasho lililonitoka halikuwa la kazi.

Mikono ikanishika miguu. Sauti ikauliza: "We ni nani?" Nikajibu, "Mmmh! Mmmh!" kwa sababu tochi ilikuwa bado mdomoni. "Ni bubu," mwingine akasema. "Si bubu, amemeza kitu!" Wakavuta. Kiatu kimoja kikabaki mkononi mwa mtu. Nikaitema tochi.

"Ni mimi!"

"Wezi wote ni mimi!"

"Mimi mwenye gari!"

"Mwenye gari yuko Panzi kwenye kilio," mlinzi akasema, sasa akiwa macho kuliko wote na rungu mkononi. "Bibi yake ametuambia. Papa Mapasa ni mtu wa heshima, hawezi kuwa chini ya dashibodi saa sita za usiku."

Nilitaka kumshukuru kwa hilo la heshima, lakini nilikuwa nimelaliwa na watu wanne. Wakanipekua, na mfukoni mwa koti wakatoa kalkilatere. Mtaa ukapiga yowe. Maana visanduku hivi vinaibwa kweli. Watu wanajua bei yake. Kijana mmoja anayejifunza ufundi akakiinua juu kama padri anavyoinua ostia: "Ameshang'oa ubongo!" Kisha, kwa wema wake, akaingiza kichwa ndani ya jipu, akaona kuna kingine kimechomekwa. "Na hiki alikuwa anakifuata! Ngoja nikitoe tukihifadhi, wenzake wasije kukirudia." Nikasikia "ta!" na "ta!" nyingine. Alikitoa vizuri sana. Hakuhitaji hata bisibisi, kidroo nilishamfungulia.

Vyote viwili vikatiwa kwenye mfuko mmoja mweusi wa plastiki. Kijana mwingine akatumwa mbio kuvipeleka kwa shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, kama vielelezo.

"Kofia!" mtu akapaza sauti. "Mvueni kofia tumwone!" Ndipo mke wangu akafika, kitenge mabegani, firimbi shingoni, mapacha nyuma yake. Lakini uso wangu ulikuwa na grisi, na taa zote zimenielekea, nimekunja sura kama mtu anayekula limau. Hakunitambua. Walionitambua ni watoto, na hawakutazama uso. Walitazama mguu uliovuliwa kiatu, soksi yenye tundu, kidole gumba kimechungulia.

"Hiyo soksi ni ya Papa," wa kwanza akasema.

"Na kidole ni cha Papa," wa pili akathibitisha.

Kimya. Hata mvua ilipungua. Mlinzi akamwuliza mke wangu: "Mama Mapasa, ni yeye?"

Mke wangu akanitazama. Akainama, akanitazama tena. Akamtazama mlinzi, akautazama umati wote uliotoka vitandani kwa ajili yake, wengine na nguo za kulalia. Akakaa kimya kwa muda ambao mpaka leo tunaujadili nyumbani. Yeye anasema ulikuwa sekunde mbili. Mimi nilikuwa chini, nilihesabu mwenyewe.

"Ni yeye," akasema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekiri deni.

Alamu ilikuwa bado inalia. Akatoa rimoti kwenye kitenge, akabonyeza mara moja. Kimya.

Asubuhi nikaenda kwa shefu wa avenyu kuchukua vitu vyangu. Nilivaa shati la mikono mirefu kufunika michubuko. Shefu alikuwa ameweka mfuko mezani, ameandika na ripoti, ukurasa mzima: "mtu asiyejulikana, mwenye koti jeusi." Nikamwambia asiyejulikana ndiye mimi. Akaomba karatasi. Kadi ya mpiga kura, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, nikatoa. Karte roze, yaani kadi ya gari, nikatoa. Akasoma, akarudia, akavua miwani.

"Papa Mapasa, hapa pameandikwa jina la mtu wa Nguba."

Ni kweli. Mwaka mzima nilikuwa nasema wiki ijayo nitakwenda kubadilisha jina.

"Kwa hiyo kwa barabara wewe ni jirani yangu," shefu akasema, "lakini kwa karatasi bado ni mwizi." Tukalimaliza kwa bia nne na fanta mbili, na kwa ahadi kwamba ripoti itaandikwa upya. Bia mbili zilikuwa za mlinzi, kwa ushujaa.

Nikarudi na mfuko, nikaufungua, nikaona shida ilikuwa bado iko palepale. Visanduku viwili, sura moja, namba moja, vumbi moja. Kipi kizima, kipi kigonjwa? Nikampigia fundi mwembamba. Alikuja, hakuuliza kwa nini nachechemea. Bila shaka habari ilishateremka hadi Essence kabla ya chai. Akavitazama kwa kile kioo chake. Ufa aliokuwa ameuchoma haukuonekana tena, risasi ni nzuri pande zote mbili, na ugonjwa uliobaki ulikuwa ndani, hauonekani kwa jicho.

Mke wangu alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasimama, akapanua pua.

"Hicho cha kushoto kinanuka ndagala."

"Mama, elektroniki haina harufu," fundi akasema kwa upole, akachukua cha kulia.

Tukafunga cha kulia. Akawasha, akaweka kwenye D, jipu likaondoka likinung'unika kwa huzuni ile ninayoifahamu. Tatu. Fundi akarudi, akazima, akachukua cha kushoto, na kabla ya kukichomeka nilimwona, akidhani simwangalii, akikisogeza puani.

Akakichomeka. Akafuta ile P0753 kwenye kumbukumbu. Akawasha. Jipu likasogea polepole, laini, likabadilisha hadi ya pili bila hata kutikisa maji kwenye chupa. Akaniambia niliendeshe kwa upole siku za kwanza, kisanduku kijifunze tabia za giaboksi hii. Kisha akataja bei yake. Dola 60: 40 za kufunga, 20 za kufunga tena. Nililipa. Sikupiga hesabu ya skrubu.

Jioni hiyo tulipanda Kadutu wote wanne, na viazi, hakuna aliyeshuka. Pale kwenye kona ya sokoni nilisimama makusudi, katikati ya mlima, nikampisha mama mmoja avuke na beseni lake la nyanya, nikaondoka kwa gia ya kwanza kama waziri. Mke wangu, ambaye kwa sababu ya usukani wa kulia anakaa mbele ya kile kidroo, alifungua dirisha. Gari likipata joto ndagala wanaamka. Wanaamka mpaka leo. Paka wa jirani siku hizi halali kwingine ila juu ya kapo letu.

Niliegesha kwenye parseli, nikafungua kapo nitazame kiwango cha oili. Juu yangu, ukutani, walikuwa wamekaa vijana wawili wa ule usiku. Mmoja akaniamkia vizuri, kwa heshima zote.

"Shikamoo, Papa Mapasa. Leo unaiba saa ngapi, tuwaambie watu wasiamke?"